Biskuti za otsi zikipoa zinakuwa ngumu, nirekebishe wapi?

MamaWawili
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada kwa wanaojua kuoka. Hizi biskuti za otsi nyumbani kwangu zinapendwa sana na watoto ndo wanabeba shuleni, sasa shida ni kwamba zikitoka kwenye oveni ziko laini vizuri kabisa afu zikishapoa tu zinakuwa ngumu kama ubao, kesho yake mtoto anarudi nazo. Natumia unga wa ngano vikombe 2, otsi vikombe 2 zile za kuiva haraka, sukari nyeupe kikombe 1 na nusu, majarini robo kilo, mayai 2, bekin pauda kijiko cha chai na mdalasini kidogo. Naoka dakika 20 hivi mpaka ziwe za kahawia juu kote. Nataka zile ambazo pembeni zinakatika ila katikati unatafuna kabisa. Niongeze majarini au nipunguze unga?

Jiko_la_Pwani
Dada, majarini usiiguse, robo kilo inatosha sana na ukiongeza zitatandaa zote zishikane. Tatizo la kwanza ni hizo dakika 20. Biskuti inaendelea kuiva hata ukishaitoa maana treya bado ina moto, kwahiyo ukisubiri iwe kahawia kote ujue umeshachelewa. Kwa moto wa nyuzi 180 za sentigredi dakika 10 mpaka 12 zinatosha, zitoe pembeni pakianza kuwa rangi ya dhahabu na katikati bado panaonekana pabichi kidogo, usiogope, ziache humo humo kwenye treya dakika 5 ndo uzihamishe. Ukizishika mapema zinakatika.

La pili sukari. Sukari nyeupe ikiwa peke yake biskuti inakauka, sukari guru inashika unyevu. Toa nusu ya sukari yako weka sukari guru iliyokwaruzwa au kupondwa mpaka iwe laini kabisa, mabonge yakibaki yanaungua. Kama huna weka asali vijiko vikubwa 2 na upunguze sukari kiasi hicho hicho, ila uwe macho, yenye asali inawahi kubadilika rangi.

Mwokaji wa Moro
Naunga mkono hapo juu ila mi naona na otsi zenyewe ziangaliwe. Zile za haraka zimekatwa ndogo ndogo zinanyonya maji upesi zinageuka kama unga tu, ndo maana hupati kile cha kutafuna. Tafuta zile nzima zilizobapazwa, ziko supamaketi nyingi. Unga shusha uwe kikombe 1 na nusu, otsi panda mpaka 2 na nusu, afu ukishachanganya donge lako liweke kwenye friji angalau nusu saa, otsi zinywe ule unyevu wa mayai kabla ya kuona moto na majarini igande hivyo hazitatandaa ovyo. Hii hatua watu wengi wanairuka na kwakweli ndo inaleta tofauti kubwa.

Kuna watu watakwambia weka maziwa, kwa unachokitaka wewe mi sishauri, zinavimba zinakuwa kama vikeki.

MamaWawili
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Sasa oveni yangu ni ya mkaa haina kipimajoto, hiyo 180 nitaijuaje?

BibiHarusi_TZ
Shoga, na mimi naokea mkaa. Mkaa mwingi weka juu, chini weka kidogo tu tena uliokwisha kushika vizuri, chini kukizidi zinaungua tumbo na juu bado nyeupe. Acha oveni ipate moto kwanza afu oka biskuti MOJA, usiingize treya nzima. Ikitandaa sana rudisha donge kwenye friji, ikibaki kibonge bila kushuka basi zilizobaki zibonyeze na uma kabla ya kuoka, ikiwahi kuwa nyeusi toa mkaa. Ni hasara ya moja tu badala ya thelathini.

Kingine, vikombe vya nyumbani kila mtu na chake, kikombe cha chai cha mtu kinaweza kubeba unga mwingi kuliko cha resipi. Kikombe cha kupimia kikijazwa unga bila kushindilia ni kama gramu 125, kama una mizani pima kwa gramu. Mara nyingi anayesema biskuti kavu ana unga uliozidi na hajui.

Jiko_la_Pwani
Kweli kabisa hiyo ya unga. Na za shule zikishapoa kabisa zifungie kwenye kontena lenye mfuniko unaobana, weka na kipande cha mkate humo ndani, biskuti zinavuta unyevu wake zinabaki laini. Kikikauka badilisha.