Mweusi wa kwanza kuichezea Ufaransa ni nani?

Mtoto wa Moro
Wakuu, habari za jioni. Jana kijiweni kahawa ilipoa vikombeni kwa ubishi. Mtu aliuliza mchezaji mweusi wa kwanza kuivaa jezi ya Ufaransa ni nani. Mjomba wangu akasema Marius Trésor, wa miaka ya sabini. Mzee mmoja fundi baiskeli akakataa: kulikuwa na mmoja kabla ya vita vya pili, mtoto wa mbunge. Jina likamtoka. Vijana wakamzomea, akainama kwenye tairi lake na hakusema tena mpaka naondoka. Imenikaa moyoni. Mwenye kujua anisaidie: alikuwepo kweli? Na alilipwa, au enzi zile walicheza ridhaa tu?

Baba Saidi, Colombes
Mdogo wangu, kesho asubuhi kabla ya kitu chochote nenda kamwombe radhi yule mzee. Yuko sahihi. Jina ni Raoul Diagne.

Alizaliwa 1910 Saint-Laurent-du-Maroni, kule Guyana ya Wafaransa, baba yake akiwa ofisa wa forodha. Baba mwenyewe ni Blaise Diagne, mzaliwa wa kisiwa cha Gorée, Mwafrika mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia bunge la Ufaransa, mwaka 1914. Aliyepita Dakar kwa ndege amelisoma jina hilo ukutani.

Ila nakuomba usimtaje kama mtoto wa mbunge tu. Mpira alicheza kwa miguu yake. Mechi ya kwanza timu ya taifa ni Februari 1931 dhidi ya Czechoslovakia, wakafungwa 2-1, hapa hapa Colombes, nje kidogo ya Paris. Mpaka 1940 alikuwa na mechi 18, na wakati ule timu za taifa hazikuwa zikicheza kila mwezi kama leo.

Kuhusu malipo, hapo ndipo utamu ulipo. Raoul alikuta ridhaa, akavuka nayo mpaka soka la kulipwa. Mwaka 1930 Lucien Laurent, aliyefunga bao la kwanza kabisa la Kombe la Dunia, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Peugeot, na Uruguay alikwenda kwa meli. Miaka miwili baadaye, 1932, Ufaransa ikaanzisha ligi ya kulipwa: klabu 20, makundi mawili. Racing ya Paris ilikuwemo, na Raoul alikuwa Racing. Mwaka 1936 wakabeba ligi na Kombe la Ufaransa kwa pamoja. Kombe wakalirudia 1939 na 1940.

Alikuwa mrefu, miguu mirefu, wakimwita buibui. Alicheza beki, alicheza kiungo. Kombe la Dunia 1938 alianza kiungo wa kushoto. Ubelgiji walipigwa 3-1, kisha robo fainali wakaja Italia, mabingwa watetezi. Upande wake ndio Giuseppe Meazza alikuwa anashukia. Mpaka mapumziko 1-1, kisha Piola wa Italia akafunga mawili kipindi cha pili. 3-1, safari ikaishia hapo.

Mechi zote mbili zilichezwa uwanja ambao mimi naupita nikienda kazini. Naishi huku mwaka wa tisa. Treni kutoka stesheni ya Saint-Lazare, Paris, inasimama kituo kinachoitwa Le Stade. Uwanja wameukarabati kwa ajili ya hoki ya Olimpiki ya 2024, ila jukwaa la zamani la 1924 bado lipo. Siku moja nilikwenda na Saidi, tukasimama tukilitazama. Akaniuliza, "Baba, na yeye watu walikuwa wanamshangilia?" Nikamwambia alikuwa anaanza kikosi cha kwanza, mwanangu, na uwanja ulikuwa umejaa.

Kiungo Mkabaji
Shukrani kaka. Mimi siku zote nilidhani wa kwanza kutoka Afrika kuwika pale ni Larbi Ben Barek.

Baba Saidi, Colombes
Ben Barek alikuwa fundi haswa, na kwa kipaji wengi wanamweka juu ya Raoul. Ila yeye alianza Ufaransa Desemba 1938, dhidi ya Italia mjini Naples. Raoul alishatangulia miaka saba.

Nimesahau jambo ninalolipenda kuliko yote. Baada ya kustaafu alifundisha mpira, na Senegal ilipopata uhuru akaenda kuinoa timu ya taifa. Aprili 1963 Dakar kulikuwa na Michezo ya Urafiki, mashindano ya nchi zinazotumia Kifaransa. Senegal ikaifunga timu ya ridhaa ya Ufaransa na ikachukua dhahabu. Raoul akiwa benchi.

Mtoto wa Moro
Baba Saidi, Mungu akuweke. Leo nimekwenda na simu mkononi. Nikampa shikamoo mzee, nikamwomba radhi mbele ya wale wale vijana, nikaanza kumsomea. Nilipotamka Raoul akanikatiza, "Diagne!" Akafuta mikono ya grisi kwenye kanga kuukuu anayofungia spana, akaomba nirudie ile ya 1963. Kisha akauliza: siku Senegal inaifunga Ufaransa Kombe la Dunia 2002, bao la Papa Bouba Diop, Raoul alikuwa hai?

Baba Saidi, Colombes
Mwambie alikuwa hai. Mechi ilikuwa tarehe 31 Mei. Raoul alifariki Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 92.