Punda wa mbio amekuwa mzito

Kijana wa Langoni: Wazee wangu, punda wangu dume alikuwa moto mbio za Maulidi hapa Lamu. Sasa nikimpanda anajikokota, hata kona ya forodhani hasogei. Fimbo sitaki. Nifanyeje?

Mzee wa Shela: Mwanangu, usimwite mvivu bado. Funua soji, yale matandiko ya mgongoni, papasa mgongo, tazama kwato na meno. Kama mchana anabeba mchanga na mawe ya ujenzi, jioni atakimbia na nguvu zipi? Mpe siku za mapumziko kamili.

Mama Punda: Na apimwe minyoo! Kliniki ya punda ipo hapo hapo mjini.

Mzee wa Shela: Akipona, toka naye pamoja na punda mwenzake mbele, mwendo mfupi. Akiongeza kasi tu, legeza kamba umsifu.

Kijana wa Langoni: Ahsante babu. Mgongoni kuna uvimbe, kesho kliniki.