tDCS na ERN kwa watu wazima wenye ADHD: ngozi inawaka, wimbi halionekani

Rau_Madukani: Wakuu, habari za jioni. Tunaandaa utafiti mdogo hapa Moshi kwa watu wazima wenye ADHD (shida ya umakini na kutotulia). Mshiriki anapewa tDCS (umeme hafifu unaopitishwa kichwani kwa sponji) ya miliampea 2 kwa dakika 20, anodi (upande chanya) F3, yaani mbele kushoto kichwani, kathodi (upande hasi) juu ya jicho la kulia. Baadaye tunampima EEG (mawimbi ya umeme wa ubongo) huku akifanya zoezi la Go/No-Go: bonyeza ukiona alama ya Go, jizuie ukiona ya No-Go. Kwenye majaribio ya awali wanalalamika paji linawaka, na ERN (wimbi la ubongo linalotokea mtu akikosea) haionekani kabisa. Tatizo liko wapi?

FundiElektrodi: Kuwaka kwa kawaida ni sponji kavu au maji ya bomba. Tumia maji ya dripu, yale ya chumvi 0.9%. Sponji ya sentimita 5 kwa 7 inataka kama mililita 6 kila upande, ikidondosha umezidisha. Ukinzani ushuke chini ya kiloomu 10 ndipo uwashe, na umeme upande polepole kwa sekunde 30. Futa mafuta ya ngozi kwa pamba ila usikwangue, penye mchubuko ndipo panapoungua.

Halafu nywele. Rasta za kuongezea na weaving hazipitishi umeme, mtasukuma sponji mpaka jioni. Mshiriki aambiwe mapema aje amefumua, au amesuka twende kilioni yenye njia inayopita F3.

Njiro_EEG: Kila mtu anakosea mara ngapi? Hilo hamjasema, na ndilo linaloamua. ERN ni wastani wa mawimbi ya makosa peke yake. Yakiwa chini ya 6 au 8 utaona kelele tupu. Weka alama 400, No-Go 20%, yaani 80. Akikosea moja kati ya tano unapata 16, toa zilizoharibiwa na kupepesa macho. Akikosea kidogo mno, punguza muda wa kujibu.

Pia pangeni mawimbi kuanzia kidole kinapobonyeza, siyo picha inapotokea. ERN itafuteni FCz (katikati ya kichwa, kuelekea mbele) ndani ya milisekunde 100 za mwanzo. Pe, wimbi la pili la kosa, iko nyuma zaidi kichwani, Pz, milisekunde 200 hadi 400. Msiiache, kwenye ADHD nayo imeripotiwa kupungua.

Rau_Madukani: Asante mkuu. Kwa nini tusiweke anodi FCz moja kwa moja, juu ya singuleti ya mbele (sehemu ya ubongo inayotoa ERN)?

Njiro_EEG: Kwa sababu ndipo mnapopima. Chumvi ikibaki, elektrodi jirani zinaungana na zote zinasoma kitu kilekile. Itabidi muoshe, mkaushe, mpake jeli upya. Bakini F3.

Nguvu zenu zipelekeni kwenye umeme bandia, wa kulinganisha na ule halisi: unapanda sekunde 30, unazimwa, sponji zinabaki kichwani dakika zote 20. Zoezi lenyewe watu hulizoea kwa kurudia, kwa hiyo nusu waanze na bandia, nusu na halisi, na vipindi viachane angalau wiki.

FundiElektrodi: Wanaotumia methylphenidate (dawa ya ADHD) waandikwe dozi na saa waliyomeza, maana dawa hiyo inagusa mawimbi hayohayo. Kuisitisha aamue daktari anayewatibu. Mwenye kifafa au chuma kichwani asiingizwe, na kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kiwepo kabla ya mshiriki wa kwanza, hata hao wa majaribio.