Hambaga zangu zinavimba na kukauka kama bulete (vidonge vya nyama ya kusaga). Nakosea wapi?

YayaWaNdosho
Hodi jikoni, wapendwa. Niko Goma, Ndosho, naomba ushauri wa kweli. Mdogo wangu wa mwisho anangoja matokeo ya diploma ya serikali, mtihani wa kumaliza sekondari. Nilimwahidi kwamba siku tutakayommwagia poda kwa kufaulu, mezani kutakuwa na hambaga nilizopika kwa mikono yangu, maana za mjini amezitazama kupitia kioo tangu akiwa shule ya msingi. Tutakuwa watu 12.

Jumamosi nilifanya jaribio. Nilinunua kilo moja ya mnofu wa ng'ombe, nikamwomba mchinjaji atoe mafuta yote, akausaga. Nyumbani nikatia yai, chenga za mkate mkavu, vitunguu, saumu, chumvi, nikakanda mpaka ikashikana kabisa. Nikazipanga kwenye wavu juu ya mbabula (jiko la makaa). Nilikuwa nimezitandaza kama kiganja, lakini zilijikunja, katikati zikasimama kama ngumi ya mtoto, na zikapungua hadi hazikufika ukingo wa mkate. Nje kavu, ndani bado nyekundu. Mdogo wangu akala yote bila kusema neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Oveni sina. Nina mbabula mbili, kikaango kizito cha chapati, na umeme wa kuja na kwenda.

PapaBucha
Pole, binti yangu. Mimi kazi yangu ni nyama, nimeuza miaka mingi soko la Virunga. Kosa lilianza pale pale kwa mchinjaji: ulichomwambia akitupe ndicho ulichokuwa unakihitaji. Ng'ombe wanaotushukia kutoka Masisi wamekula majani na wamepanda milima. Nyama yao ni tamu, lakini mnofu wao haubebi mafuta. Hambaga inataka fungu moja la mafuta kwa manne ya nyama, yaani gramu 800 kwa 200. Omba kidari au shingo, na ile shahamu ngumu inayozunguka figo. Hiyo huchelewa kuyeyuka kuliko mafuta mengine, kwa hiyo haikimbii mapema.

Fika mapema, nyama ingali baridi ya usiku. Ikishapata joto, au mashine ikiwa butu, mafuta hayakatiki, yanapakaa tu, na unapewa kitu kama uji wa waridi. Ikate vipande, uangalie mwenyewe inavyotoka kwenye mashine: vidoa vyeupe vionekane mbali na vyekundu. Usipoviona, mwambie asimamishe.

MamaWaHimbi
Papa umesema vyema kuhusu mafuta. Ila yai na mkate mimi nimetia miaka yote, na wageni wangu hawajawahi kulalamika. Bila yai itavunjika kwenye kikaango.

JikoLaKyeshero
Mama, shikamoo. Hicho unachopika ni bulete, na bulete ni chakula kizuri, mama yangu aliniletea utamu huo tangu utoto. Lakini hambaga ni nyama, chumvi na moto. Haivunjiki ikiwa na mafuta ya kutosha na kikaango kina moto wa kutosha.

Yaya, adui yako mkubwa ni ile chumvi uliyoikanda ndani. Chumvi huyeyusha protini za nyama, nazo zikikandwa hugeuka gundi. Ndivyo soseji inavyotengenezwa: ikikatwa inaruka kama mpira. Kwa hambaga unataka nyama inayoachana ukiiuma. Kwa hiyo usikande hata kidogo. Kusanya kwa vidole mpaka ishikane kidogo tu, na chumvi inyunyizwe juu dakika ile ile inapoingia kwenye moto.

Kuhusu kuvimba: ukingo huiva kwanza, hujikaza kama mshipi, katikati inasukumwa juu. Tengeneza pana kuliko mkate kwa kidole kizima, kisha bonyeza shimo katikati kwa dole gumba.

Wavu pia uache. Mafuta yanadondokea makala (makaa), yanawaka, na unakula moshi na masizi. Kile kikaango chako cha chapati ni hazina. Kipashe mpaka tone la maji likidondoka likimbie huku na huku. Weka nyama, usiiguse. Ile rangi ya kahawia yenye harufu ya kuita majirani ni mmenyuko alioueleza mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Unataka joto kali kuliko maji yanayochemka, kwa hiyo nyama iliyolowa haiwezi kuupata, itachemka kwanza. Futa maji juu ya nyama, na usizijaze tele kwenye kikaango.

MuuguziMajengo
Nawaomba mnisikilize, kwa sababu watoto watakuwepo. Hiyo "ndani bado nyekundu" msiichukulie kama jambo la ladha tu. Kwenye steki vijidudu hukaa juu, moto unaviua. Ukisaga, cha juu kinaingia ndani. Nyama ya kusaga ifike nyuzi joto 71 katikati, na rangi haiwezi kukuhakikishia: huweza kuwa kahawia kabla ya kufika. Kuna aina ya bakteria ya E. koli inayoharibu figo za watoto, nayo imeshaenezwa na hambaga zisizoiva. Kama hauna kipimajoto cha nyama, usipike nene.

PapaBucha
Muuguzi amesema kweli. Nami nilikuwa napanga kukwambia gramu 150 nene, lakini kwa mbabula bila kipimajoto nabadili neno. Tengeneza mipira midogo ya gramu 75, miwili kwa kila mtu, ndani ya mkate mmoja. Weka mpira kwenye kikaango chenye moto mkali, uubandike mara moja kwa mwiko bapa mpaka uwe mwembamba kama chapati ya mtoto, halafu usiuguse tena. Kubandika ni sekunde za mwanzo tu, mafuta yakiwa bado magumu. Ukibonyeza baadaye unakamua utamu wote. Dakika 2 upande wa kwanza, 1 au zaidi kidogo upande wa pili, inaiva hadi ndani. Na lile shimo la dole gumba hapa halihitajiki.

Kwa watu 12 ni mipira 24, kilo 1.8: nyama kilo 1 na gramu 440, shahamu gramu 360.

MamaMikate
Mkate wa kawaida wa hapa una ganda gumu, ukiuma unasukuma nyama nje. Tengeneza wako: unga wa ngano gramu 500, maziwa vuguvugu mililita 240, yai 1, siagi gramu 50, sukari gramu 40, hamira ya chenga gramu 7, chumvi gramu 8. Kanda dakika 10 (huku ndiko kukanda kunakofaa). Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kinyunya huumuka haraka, kwa hiyo angalia ukubwa, usiangalie saa: kikishakuwa mara mbili, gawa madonge 8, uyaache tena yavimbe. Kwa watu 12 zidisha kila kitu kwa nusu.

Oveni ni sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, sinia ndani, kifuniko, na makala juu ya kifuniko pia. Makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo chini itaungua huku juu ikiwa nyeupe.

Jibini ni ya Masisi. Kata nyembamba, weka ukishageuza nyama, mwagia kijiko cha maji pembeni ya kikaango, funika. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini mvuke huo unatosha kabisa kuiyeyusha. Mwisho kata mkate, uubandike kwenye mafuta yaliyobaki, mchuzi wa nyama usiulowanishe.

YayaWaNdosho
Aksanti sana, nyote. Leo nimepika nne tu. Nilisimama na mchinjaji nikaona vidoa vyeupe kama Papa alivyosema. Mpira wa kwanza uligandamana na kikaango, nikaogopa, nikataka kuuchokonoa. Nikajizuia. Baada ya dakika mbili ulibanduka wenyewe, chini yake kulikuwa na rangi ya kahawia iliyotobolewa kama lesi ukingoni. Jibini iliteremka pembeni na kuwa kavu kidogo, na sehemu hiyo ndiyo mdogo wangu aliyoibandua kwanza kwa kucha. Safari hii alisema: "Yaya, ziko ngapi tena?"

Swali moja. Naweza kutengeneza mipira 24 usiku wa kuamkia sherehe?

PapaBucha
Kama umeme ungekuwa wa uhakika na friji baridi, ungeweza, bila chumvi. Kwa hali uliyoieleza, hapana. Shahamu nakuwekea tangu leo, nyama uje kuisaga asubuhi ile ile. Matokeo yakitoka niambie tu.