T480, Latitude 7490 au EliteBook 840 G5: ipi inatunza betri kwa anayechomeka kutwa?

Mama Kulwa
Habari za jioni wakuu. Nafanya kazi ya tafsiri nyumbani, Mbagala, na mashine yangu hushinda kwenye chaja toka asubuhi hadi nazima taa. Ya kwanza betri ilivimba. Ilianza padi ya kipanya kukataa kubonyezeka upande wa kulia, nikadhani ni vumbi. Wiki mbili baadaye kifuniko cha chini kikaachia, laptopu ukiiweka mezani inayumba kama sahani yenye kitako kibovu. Fundi alipoitoa betri ilikuwa imenenepa kama kimto cha sindano. Akaniambia kosa langu ni kutochomoa chaja.

Sasa nina bajeti ya mtumba. Kuna duka Kariakoo lina ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5, bei zinakaribiana. Nataka ile nitakayoiacha kwenye umeme bila kuua betri, na umeme ukikatika nipate angalau saa tatu. Nichukue ipi?

Nazi Mbovu
ThinkPad. Funga mjadala.

Baharia wa Tanga
Usifunge mkuu, mwenzio pesa yake haijatoka mfukoni bado.

Mama Kulwa, kwanza tujue kilichoua ile ya zamani. Chaja haijazi betri ikafurika kama ndoo chini ya bomba. Ikishajaa, laptopu inaacha kuchaji yenyewe. Kinachoichosha ni kukaa imejaa muda wote, halafu joto juu yake. Seli ya lithiamu ikijaa inafika volti 4.2, nyingine 4.35 au hata 4.4, na huko juu inazeeka hata kama huitumii. Battery University, tovuti ya mambo ya betri, wana jedwali moja zuri: betri iliyowekwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40 inabakiwa na asilimia 96 ya uwezo wake. Ikiwekwa imejaa, 80. Pandisha joto hadi nyuzi 40, ya kwanza inabaki 85, iliyojaa inabaki 65. Na tumbo la laptopu inayofanya kazi Dar mwezi wa pili, nyuzi 40 si mbali.

Kwa hiyo dawa ni kuizuia isijae. Zote tatu zinaweza, ila uhuru wanaokupa haulingani.

Dell: ikiwaka bonyeza F2, ingia kwenye mambo ya umeme, utakuta orodha ya namna za kuchaji. Kuna "Primarily AC Use" kwa watu kama wewe, na kuna "Custom" ambapo unapanga mwenyewe: ianze kuchaji ikifika ngapi (50 hadi 95) na iache ikifika ngapi (55 hadi 100). Mpangilio unakaa ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows. Weka Windows, weka Linux, fomati mara kumi, utaukuta palepale.

HP: F10, tafuta "Battery Health Manager". Kama huioni, BIOS ni ya zamani, isasishe. Unaiachia mashine iamue yenyewe, au unachagua "Maximize my battery health" inayoishia 80. Ukitaka 60 au 90, huna.

ThinkPad: kwenye Windows unapanga kupitia programu ya Lenovo Vantage, kwenye Linux kupitia programu ya TLP. Nayo ina kuanza na kuacha. Ni nzuri, lakini kwa mtu wa meza moja asiyependa kuhangaika na programu, mimi nasema Dell.

Jogoo wa Shamba
Mimi sina hayo yote. Nachomoa ikifika 80, nachomeka ikifika 20, mwaka wa tatu huu. Simu inanikumbusha.

Baharia wa Tanga
Inafanya kazi kaka, ila umejiajiri kuwa mlinzi wa chaja. Tena kutoka 80 hadi 20 kila siku ni zaidi ya nusu ya mzunguko mzima wa betri (kutoka kujaa hadi kuisha) umekwenda. Ukiweka kikomo na chaja ikabaki, mashine inakula umeme wa ukutani, betri imelala tu. Mizunguko unaitunza kwa siku umeme ukikatika.

Fundi Mstaafu
Nimewasoma. Mnabishania kufuli, mlango umeshaliwa na mchwa.

Hizi mashine ni za mwaka 2018. Betri iliyomo ama ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, ama ni ya kopi aliyoiweka mtu asiyejulikana. Kabla ya kuuliza BIOS ya nani ina vitufe vingapi, pima. Mama Kulwa, ukifika dukani fungua lile dirisha jeusi la amri, andika *powercfg /batteryreport*. Itakuonyesha ilikohifadhi faili, lifungue. Tazama mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo iliozaliwa nao, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani inachobeba leo. Gawanya cha pili kwa cha kwanza. Ikiwa chini ya asilimia 60 mpe muuzaji betri yake, ununue mashine kwa bei ya mashine isiyo na betri.

La pili, hesabu saa zako tatu. Kuandika na kusoma, mwanga wa kioo wa wastani, mashine hizi zinakula kama wati 10. Betri nzima ya wati-saa 60 ukiikomesha 80 unabaki na 48, unakaribia saa tano. Lakini ikiwa imechoka na kubaki 36, ukiikomesha 80 ni wati-saa 29 hivi. Saa tatu hazifiki. Hapo kikomo cha 80 kinakunyima kazi leo ili kutunza betri ambayo imeshajichokea.

La tatu, T480 ina betri mbili, ndogo ya ndani ya wati-saa 24 na ya nje inayotoka kwa kusukuma vitasa viwili. Ya nje inaanza kutumika, ya ndani inafuata. Siku ya nje ikifa unabadilisha mwenyewe bila bisibisi, tena mashine ikiwa inawaka. Hizo nyingine lazima ufungue kifuniko cha chini.

Na huyo fundi wako, kama aliwahi kukwambia umalize chaji hadi sifuri kila siku, hayo ni mambo ya betri za nikeli. Kwa hizi, kushuka hadi chini mara moja kila baada ya miezi kadhaa kunatosha, ili kipimo cha asilimia kisidanganye. Hakuponyi betri.

Mjukuu wa Likoni
Hakuna aliyeitaja MacBook. Yangu inajifunza ratiba yangu, inasimama 80, inamalizia karibu na saa ninayochomoa. Shida ni kwamba sina ratiba, mara nyingi naikuta 100.

Fundi Mstaafu
Bajeti yake umeisoma?

Mama Kulwa
Nimerudi wakuu. Jana nilienda, kijana wa dukani akaniangalia nikiandika amri kwenye dirisha jeusi kama mtu anayeibiwa.

HP nilipochomoa chaja ilizima papo hapo. Akasema ni "mambo ya Windows". Nikaiweka chini taratibu.
Dell (namba hizi ni za milliwati-saa, 1,000 ni wati-saa moja): 60,000, sasa 38,700.
T480: ya ndani 23,950, sasa 20,100. Ya nje 47,520, sasa 31,900.

Fundi Mstaafu
Dell asilimia 64 na kitu. ThinkPad ya ndani 84, ya nje 67, jumla wati-saa 52. Ukiikomesha 80 unabaki na 41 na ushee, saa nne. Dell ukiikomesha 80 ni 31, saa tatu kwa kujibana.

Baharia wa Tanga
BIOS ya Dell bado naipenda, ila hizo namba sibishani nazo. Chukua ThinkPad. Panga betri zote mbili zianze 75 ziache 80. Mkitangaziwa matengenezo ya umeme, usiku wake pandisha hadi 100, kesho yake rudisha.

Nazi Mbovu
Nilisema nini mstari wa pili?

Mama Kulwa
Nimeichukua, wamenipunguzia elfu arobaini kwa ajili ya betri ya nje. Nimepanga kama alivyosema Baharia. Sasa mbona iko 78, chaja imechomekwa tangu saa mbili asubuhi, na haipandi hata moja? Ndiyo nimeshauziwa kanyaboya?

Baharia wa Tanga
Hapana dada. Umeiambia ianze chini ya 75. Iko 78, inakutii.