Uandishi mbovu umewahi kukugharimu? Tupeane uzoefu

Mbao_Mafinga: Wakuu, poleni na baridi. Kila siku watu wanalalamika vijana hawajui kuandika, wengine wanajibu "si umeelewa? Basi." Mimi "xaxa" za kwenye meseji hazinisumbui. Zinaponigusa hela ndipo nanuna. Juzi kijana wa dipo kanitumia: "yule wa makambako ana deni boss". Nikazuia mzigo. Fuso imelala getini na mbao zake za mbili-kwa-nne, dereva anadai hela ya kulala, mteja ananipigia amefura, risiti ya benki anayo. Kumbe kijana alimaanisha hana! Nyie yamewakuta yapi?

Mjukuu_Tukuyu: Babu yangu utotoni hakuona darasa. Alisoma kisomo, enzi zile Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wajukuu tuna vyeti vya kidato cha nne, ila daftari la rambirambi ukoo umemkabidhi yeye. Anapiga mistari kwa rula, jina, kiasi, ametoka wapi. Hakuna ugomvi baada ya matanga.

Mwanjelwa_Damu: Taratibu jamani. Kinyakyusa hakina r, ndiyo maana mtu akiandika Kiswahili anaichomeka hata pa l. Mama mkubwa kibao chake kimeandikwa MCHERE WA KYERA, wanachuo wanapiga picha wanacheka, na gunia linaisha. Mbona wanaochomeka Kiingereza kibovu maofisini hamuwacheki?

Ticha_Iringa: Nafundisha msingi, kijijini. Mtaala wa 2015 uliweka KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) mbele kwa la kwanza na la pili, na kusoma wanasoma. Kuandika ndiyo kazi. Darasa limefurika, insha nisahihishe saa ngapi? Mtihani wa la saba wenyewe sehemu kubwa ni kuchagua herufi. Mtoto anamaliza shule hajawahi kurudishiwa insha yenye wino mwekundu.

Mbao_Mafinga: Mwanjelwa, mama mkubwa simgusi, mchele wake nimeula. Ila kibao si mkataba.

Kilolo_Juu: Hapo kwenye mkataba ndipo tulipoumia. Baba aliuza miti, misindano iliyokomaa. Jirani aliyeshika kalamu akaandika "nimemuuzia shamba la miti". Wamevuna, wamemaliza, sasa mnunuzi anataka na ardhi. Karatasi ina sahihi ya mzee na mashahidi, na haina kosa hata moja la herufi. Tuko kata tunasuluhishwa. Aliyewahi kupita hapa aniambie alitokaje.