Msaada wakuu: hadithi za upelelezi na mafumbo kwa watoto wa miaka 9 hadi 12

MamaMwandiga:
Habari za jioni wakuu. Mimi nipo Kigoma huku Mwandiga, nina binti yangu Zai yuko darasa la tano na jioni umeme ukikatika watoto wa majirani wote wanahamia kibarazani kwangu. Zamani nilikuwa nawapa za sungura na fisi wanatulia, sasa hivi nikisema tu "hapo zamani za kale" kuna mmoja anadakia mwisho wake, wenzake wanaangua kicheko, hadithi imekufa hapo hapo. Wanachotaka ni zile za nani kaiba, nani kaficha, nani anadanganya, halafu wabishane wenyewe mpaka koo ziwakauke.

Nimezunguka maduka ya vitabu mjini nakutana na vya kiada, vile vya picha vya chekechea, au riwaya za wakubwa zenye bastola na mambo ya gesti. Hapo katikati hamna kitu. Za mitandaoni ndio usiseme, sehemu ya kwanza ya pili ya tatu "usikose sehemu ya nne" na ya nne haijaja mpaka leo. Naombeni ushauri, kama kuna vitabu mnavyovijua sawa, na kama ni kutunga mwenyewe naanzia wapi maana mimi ni muuza mawese sio mwandishi. Angalizo, kuna kamoja kakisikia habari ya maiti hakalali, halafu asubuhi mama yake ananigongea mlango.

Bongo_Lala:
Wape simu wacheze gemu dada, mambo ya hadithi kibarazani yalishapitwa.

MamaMwandiga:
Simu moja, watoto wote hao, na umeme umekatika. Haya mwingine.

Ticha_Isevya:
Pole mama, hiyo shida hata sisi huku Tabora tunayo, nafundisha la nne na la tano. Ushauri wangu usianze na hadithi ndefu, anza na vitendawili ila ucheze kwa kanuni zake zote. Siku hizi watu wanauliza kama mtihani, kitendawili, tega, nyumba yangu haina mlango, yai, basi, mwingine. Utamu wote umetolewa. Akishindwa lazima atoe mji, na wewe mji huo unaukataa kwanza, unamwambia huo mbali sitaki, mdogo sana sitaki, mpaka akupe unaoutaka ndio unasema "nilipofika Urambo nikapokelewa vizuri nikala nikashiba" ndipo unatoa jibu. Pale kwenye kubishania mji ndipo watoto wanapata muda wa kufikiria tena, na mara nyingi kuna mmoja anashtuka "subiri usiseme nimejua!"

Wakishachangamka wape ile ya chui, mbuzi na majani. Mtu anavuka Malagarasi, mtumbwi unambeba yeye na kitu kimoja tu, akimwacha chui na mbuzi mbuzi kaliwa, akiacha mbuzi na majani majani yameliwa. Usiwaambie kwa mdomo tu, chora mto kwa chaki sakafuni, mmoja awe chui mmoja mbuzi. Wanakwama sehemu ile ile kila mwaka, wakishamvusha mbuzi na kurudi kumchukua chui hawaamini kwamba inabidi mbuzi arudishwe tena alikotoka. Wanaona kama ni kuharibu kazi. Akitokea mtoto akamrudisha mbuzi bila kuambiwa ujue huyo ndiye mpelelezi wako. Mtumbwi unavuka mara saba jumla, kama wamezidisha waambie warudie.

Kiko_cha_Msa:
Kwenye vitabu usiwasahau wakongwe. Kuna mpelelezi Bwana Msa wa mwandishi Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari yule, "Mzimu wa Watu wa Kale" kilitoka 1960 na ndio watu wengi wanakihesabu mwanzo wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Bwana Msa hana bunduki hana ngumi, ana kiko chake na rafiki yake Najum, kazi yake kukaa na kuwaza. Mimi nilikisoma nikiwa la sita chini ya mwembe nikakojolewa na kunguru sikuhama.

Ila nikuambie ukweli, mauaji yamo na Kiswahili chake ni cha pwani kizito, binti yako atakwama. Soma wewe kwanza kisha wasimulie kwa maneno yako, ile maiti igeuze iwe kitu kilichopotea.

Na kama unasoma kidogo Kiingereza kuna Mmarekani Donald Sobol, alianza mwaka 1963 vitabu vya mtoto mpelelezi anaitwa Encyclopedia Brown. Kila kesi kurasa chache, inaishia pale mtoto anaposema "nimemjua mwizi", hakuambii amejuaje, jibu liko nyuma ya kitabu. Huo mtindo ndio unaoufaa kibaraza, unasimulia dakika tano, unakata, wanabishana nusu saa.

Kunguru_Mtaalam:
Kunguru hakojoi mkuu, acha fiksi.

Karabai_Ujiji:
Mama Mwandiga mimi nitakuambia kitu kimoja, ushahidi wa hadithi yako uutoe kwenye vitu ambavyo hao watoto wanaviona kila siku na mgeni kutoka Dar havioni. Mfano rahisi. Mwizi anaulizwa usiku wa tukio ulikuwa wapi, anajibu nilikuwa ziwani navua dagaa na taa mpaka alfajiri. Wewe mwanzo wa hadithi ulishasema usiku ule watoto walicheza nje hadi saa nne bila taa yoyote, vivuli vyao wanaviona. Mtoto wa Ujiji atakurukia hapo hapo, mwongo huyo! Kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, mwanga umetapakaa ziwa zima watafuata nini, mitumbwi inavutwa pwani watu wanashona nyavu na kulala. Hakuna mtoto wa huku asiyejua hizo siku baba anashinda nyumbani. Lakini hajawahi kuambiwa kwamba hiyo ni akili ya upelelezi.

MamaMwandiga:
Jamani kaka umenimaliza. Ngoja niijaribu hii.

Mpare_Mhamiaji:
Nzuri ila mtoto wa Same hapo hapati kitu 😂 dagaa anawajua kwenye kifungashio.

Karabai_Ujiji:
Wa Same mtungie ya tangawizi. Mama anauliza ya watoto wa Mwandiga.

Padri_Mstaafu_Feki:
Hiyo ya mwezi unaweza kuificha zaidi. Ukisema "watoto walicheza bila taa" mjanja anashtuka mapema. Sema ilikuwa usiku wa nisfu Shaabani, watu wanatoka msikitini. Hapo umetaja mwezi bila kuutaja, tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu ni mwezi mpevu siku zote, wa madrasa wataikamata. Na kwa upande wetu wakristo tumia Juma Kuu, Pasaka inahesabiwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo wiki ile ya mateso lazima mwezi uwe mkubwa. Mtoto akiipata hiyo unampa soda.

Mkwe_wa_Kasulu:
Mimi ushauri wangu weka na majini kidogo, watoto wanapenda kutetemeka. Mwizi haonekani kumbe ni jini la ziwani.

Ticha_Isevya:
Hapana kaka, hapo utawaudhi. Wametoa akili zote, wamehesabu nyayo, wamemtaja mjomba wamemtaja jirani, halafu unawaambia ni jini? Hiyo ni kama kumaliza mechi kwa kuficha mpira. Jini aingie katikati kama uvumi, wazee wa mtaa waseme ni jini, kila mtu aogope, ila mwisho ajulikane ni mtu mwenye miguu miwili.

Kiko_cha_Msa:
Naunga mkono. Kuna padri wa Uingereza Ronald Knox, huyu sio feki kama jamaa hapo juu, mwaka 1929 aliweka kanuni kumi za hadithi za upelelezi. Mojawapo inakataa kabisa mambo ya mizimu na nguvu za ajabu kwenye jibu, nyingine inasema mpelelezi akiokota ushahidi msomaji auone papo hapo. Hii ya pili ndio watunzi wetu wengi inawashinda, mwisho unaletewa barua iliyokuwa mfukoni mwa inspekta tangu ukurasa wa kumi.

MamaMwandiga:
Sawa nimetunga, msinicheke. Dumu la mawese la lita ishirini limeibwa kibandani kwa bibi Tatu usiku wa nisfu Shaabani. Washukiwa watatu. Wa kwanza Juma, shati lake lina doa jekundu la mawese begani. Wa pili mama muuza vitumbua, alikuwa na deni kwa bibi Tatu. Wa tatu mjomba Ramso, anasema alikuwa ziwani usiku kucha. Wazee wanasema ni jini. Mwizi ni Ramso kwa sababu ya mwezi. Imekaaje?

Karabai_Ujiji:
Imekaa vizuri sana. Doa la Juma limenifurahisha, Mwandiga nzima nani hana doa la mawese? Wageni wote watamkamata Juma, wa nyumbani watajua hilo doa sio ushahidi wa chochote.

Ila kuna tundu. Ramso akisema tu "nilikuwa ziwani" anaweza kuponyoka, kuna wavuvi wanatega nyavu za makila na hao hawategemei taa, mwezi uwepo usiwepo wanaenda. Kuna mtoto wa mvuvi atakubishia hapo uaibike. Mfanye Ramso ajisifie, aseme kabisa "tuliwasha taa dagaa wakaja kama mvua tukajaza mtumbwi." Anavyozidi kujisifu ndivyo anavyojifunga.

Ticha_Isevya:
Na yule mama wa vitumbua mpe kitu cha kumtoa, la sivyo wengine watamng'ang'ania mpaka asubuhi. Mathalani deni alishalilipa na Zai alimwona. Pia ukishafika kwa Ramso NYAMAZA. Walimu tuna ugonjwa wa kujibu wenyewe, mtoto akikaa kimya kidogo tu tunamtajia. Mwache anyamaze, anafikiria huyo.

Huku kwetu nilitunga ya mtu anayechechemea, anadai juzi aliteleza kwenye ganda la embe sokoni, na hadithi inatokea mwezi wa sita wakati wa baridi. Tabora miembe imejaa kila barabara lakini mwezi wa sita hamna embe hata la dawa. Darasa zima lilipiga kelele mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

Mzee_wa_Stesheni:
Watoto wa Kigoma mnawatafutia mafumbo ya kutunga na meli ya Liemba ipo? Hilo fumbo halina maiti na ni la kweli tupu. Wajerumani waliitengeneza kwao Papenburg mwaka 1913 wakaifungua vipandevipande, masanduku kama 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar halafu kwa reli mpaka Kigoma ikaunganishwa hapa, wakaiita Graf von Götzen. Julai 1916 vita imewaelemea, wakaizamisha wenyewe karibu na Malagarasi inapoingilia ziwani. Sasa hapa ndio wasimamishe watoto. Kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini grisi nyingi kila mahali. Waulize, mtu anayeharibu kitu chake ili adui asikipate, grisi ya nini?

Mjukuu wangu alifikiria kidogo akasema "babu walitaka kurudi." Ndiyo hivyo. Hawakurudi wao, Waingereza ndio walikuja kuiopoa mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Bongo_Lala:
Dah mzee hii sikuijua, na nimezaliwa Gungu. Nafuta kauli ya gemu.

MamaMwandiga:
Mrejesho wakuu. Jana nimeisimulia na marekebisho yenu. Walimkamata Juma wote kasoro wawili, mmoja kati ya hao wawili baba yake ni mvuvi, alinyoosha kidole akasema "mama Zai, Ramso ametaja taa, na siku ya nisfu baba alikuwa nyumbani anatupigia kelele." Wengine wakagoma, wakasema labda alivua upande wa Kongo ambako mwezi haujafika 😂 ikabidi tutoke nje tutazame mwezi unatokea wapi. Yule wa kuogopa maiti ndiye alikuwa anataka jini, amelala vizuri tu.

Sasa wamenigeuzia kibao, binti yangu katunga chake nimeshindwa, nawaletea nyie wasomi. Kitendawili!

Mpare_Mhamiaji:
Tega.

MamaMwandiga:
Kila jioni anazama ziwani hafi, asubuhi anatokea upande wa Kasulu hajalowa.

Mpare_Mhamiaji:
Mamba?

Karabai_Ujiji:
Mamba wa Kasulu anatoka mlimani? Sisi wa huku tunyamaze, mwacheni Mpare ahangaike.

Mpare_Mhamiaji:
Basi la Kasulu. Hapana, linazama vipi. Haya nimeshindwa, nakupa mji, chukua Kasulu.

MamaMwandiga:
Kasulu baridi sitaki.

Mpare_Mhamiaji:
Chukua Same.

MamaMwandiga:
Mbali, nauli sina.

Mpare_Mhamiaji:
Haya chukua Uvinza na chumvi yake yote.

MamaMwandiga:
Uvinza naipokea. Nilipofika Uvinza nikapewa ugali wa muhogo na migebuka, nikala nikashiba, wakanipa na chumvi ya kubeba. Jua hilo kaka.

Mpare_Mhamiaji:
Kwetu jua linatokea upande wa bahari, mmenionea.